Bruce Lee hakujengwa na mateke tu, ulizia na sahani yake

Ukipita Pasiansi jioni, barabara ile ya kwenda uwanja wa ndege wa Mwanza, utakutana na vijana wanapiga tizi. Wapo wa mpira, wapo wa ngumi, wapo wa karate waliofunga mikanda kiunoni. Wanakimbia, wanarusha mateke, jasho linawatoka. Kazi safi. Baada ya saa moja utawakuta haohao wamezunguka banda la chipsi, soda baridi mkononi, mayai mawili yameshavunjwa juu ya viazi. Zege hilo linapinduliwa. Muulize mmoja wao steringi wake ni nani, wala hatafikiria. Bruce Lee.

Haya, tumwongelee Bruce Lee. Siyo yule wa kwenye bango, mwenye mikwaruzo kifuani. Yule wa mezani.

Alizaliwa San Francisco, Marekani, Novemba 27, 1940. Baba yake, Lee Hoi-chuen, alikuwa msanii wa opera ya Kikantoni na wakati huo alikuwa huko kwa maonyesho. Jina alilopewa nyumbani ni Lee Jun-fan. Familia ikarudi Hong Kong naye akiwa bado mchanga, na Desemba 1941 Wajapani wakaushambulia mji huo na kuuteka. Kwa hiyo miaka yake ya mwanzo ni miaka ya vita. Alikuwa mtoto mwembamba, wa kuuguaugua. Wanaodhani alizaliwa na ule mgongo uliotanuka kama mbawa wanajidanganya.

Ujana wake ulikuwa wa fujo. Alipigana mitaani, akaangukia mikononi mwa mwalimu Ip Man akajifunza Wing Chun, na katikati ya ngumi hizo akapata muda wa kucheza muziki. Mwaka 1958 alikuwa bingwa wa cha-cha Hong Kong. Ndiyo, cha-cha. Zile hatua zake nyepesi watu wanazozishangaa kwenye filamu hazikutoka kwenye kupigana peke yake.

Mwaka 1959 wazazi wakaona huyu akibaki hapa ataishia pabaya. Akapandishwa meli kwenda Marekani na dola 100 mfukoni. Akaenda kuishi Seattle, akapewa chumba kidogo kwenye mgahawa wa Ruby Chow na kazi ya kuhudumia wateja. Kazi yenyewe hakuipenda hata kidogo. Huku anabeba sahani za watu, huku anasoma, na muda unaobaki anafundisha kung fu. Agosti 1964 akamuoa Linda Emery, mmoja wa wanafunzi wake.

Sasa njoo Oakland, mwishoni mwa mwaka huohuo. Hapa ndipo mambo ya msosi yanapoanzia.

Bruce alipigana na jamaa anaitwa Wong Jack-man, pambano la ndani, milango imefungwa. Linda, aliyekuwepo akiwa mjamzito, alisimulia kwamba lilidumu kama dakika tatu na mumewe alishinda. Upande wa Wong una hadithi yake tofauti, na mabishano hayo hayajaisha mpaka leo kama ya Simba na Yanga. Kilicho muhimu ni alivyokuwa Bruce baada ya pambano. Alikaa nje ameinamisha kichwa, pumzi imekata. Dakika tatu tu, na jamaa yuko hoi. Mtu wa mpira analielewa hili: ni ile timu inayoongoza 1-0 lakini kufika dakika ya 70 wachezaji wote wameshika viuno.

Mwingine angesherehekea. Yeye akaufumua mwili wake na kuanza kuujenga upya. Akaanza kukimbia, kuruka kamba, kunyanyua vyuma. Akanunua magazeti ya wanyanyua vyuma na kuyachambua. Na akageukia chakula, kwa hesabu kwamba mwili anaoutaka hauwezi kuendeshwa na takataka.

Alikula nini? Watu wengi hapa wanategemea kusikia dawa za siri za Kichina. Kweli alitumia ginseng na vidonge vya vitamini. Lakini chakula chenyewe kilikuwa cha kawaida mno. Wali, mboga za majani, samaki, kuku, nyama ya ng'ombe, maini, tofu. Alipenda sana nyama ya ng'ombe iliyopikwa na sosi ya chaza. Alikipenda chakula cha Kichina kwa sababu sahani moja ina mboga nyingi na nyama kiasi. Hakuwa mtu wa kujaza tumbo mara moja kwa siku. Alikula kidogo kidogo mara nne au tano.

Alichokuwa anakikwepa ni vitu vya unga mweupe. Mikate, keki, biskuti. Aliviona vinashibisha bila kuupa mwili kitu cha maana. Mtu huyu angepita Pasiansi asubuhi, akaona meza ya maandazi na chapati, angeendelea na safari yake mpaka mwaloni Kirumba kwenye samaki.

Halafu kuna kinywaji chake. Alikuwa anasaga maziwa ya unga, ndizi, siagi ya karanga na mayai, anakunywa kwa ajili ya misuli. Maziwa ya kawaida hakuyapenda, ndiyo maana akatumia ya unga. Hebu iangalie hiyo orodha tena. Kuna kipi hapo ambacho hakipatikani sokoni Kirumba? Karanga zinakuja kutoka Usukumani kwa magunia. Ndizi zinavuka ziwa kutoka Bukoba. Kitu kimoja tu cha kuacha: mayai aliyaweka mabichi, na mayai mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya kukulaza kitandani. Chemsha.

Na kama ni protini, mkazi wa Mwanza anamzidi Bruce Lee kwa eneo. Yeye alikuwa ananunua makopo ya unga wa protini dukani. Sisi tuna dagaa, samaki anayeliwa mzima na mifupa yake, protini na madini ya mifupa humohumo. Tuna sato. Asubuhi kuna michembe ya kuchemsha na karanga, chakula ambacho bibi wa Kisukuma alikipika kabla hakuna aliyejua neno lishe. Vijana wanakiona cha kishamba.

Matokeo ya kazi ile dunia iliyaona. Bruce alikuwa na kilo kama 63 hivi, urefu wa futi 5 na inchi 8. Kwa mpira wa leo angekuwa winga mfupi. Lakini hakuwa na nyama ya kupoteza popote.

Haikuwa safari ya kupanda tu. Mwaka 1970 alinyanyua chuma bila kupasha misuli moto, akaumia mgongo, na madaktari wakamwambia asahau mateke. Alilala kitandani kwa miezi, akaandika madaftari, akarudi. Mwaka 1971 akaenda Thailand, kijiji cha Pak Chong, kuigiza The Big Boss. Huko chakula kibichi cha maana kilikuwa shida, akawa anajazia kwa nyama ya kopo huku uzito ukishuka. Filamu ilipotoka ilivunja rekodi Hong Kong. Fist of Fury na Way of the Dragon zikafuata mwaka 1972.

Umaarufu ukaja, na hapo ndipo mezani pakaanza kuharibika. Mtu aliyekuwa anakula mara tano sasa alikuwa anafanya kazi usiku na mchana: kuandika, kuongoza, kuigiza, kubishana na maprodyuza. Mwanzoni mwa 1973, akiigiza Enter the Dragon, alikuwa amekonda waziwazi. Mwandishi wa wasifu wake, Matthew Polly, ameandika kwamba alikuwa pia amefanyiwa upasuaji wa kuondoa tezi za jasho kwapani, kwa sababu jasho halikupendeza kwenye kamera.

Mei 10, 1973 alikuwa studio akiingiza sauti. Chumba kilikuwa joto kali, kiyoyozi kimezimwa kisilete kelele. Akaanguka. Hospitali wakakuta ubongo umevimba, wakamwahi. Alisafiri Los Angeles kupimwa, akaambiwa yuko fiti, akarudi kazini.

Julai 20 jioni, kwenye nyumba ya mwigizaji Betty Ting Pei huko Kowloon Tong, kichwa kilimuuma. Akapewa kidonge cha maumivu, Equagesic, akajilaza. Hakuamka. Umri miaka 32. Ubongo ulikuwa umevimba tena, kutoka gramu 1,400 za kawaida hadi 1,575. Uchunguzi rasmi uliita kifo cha bahati mbaya, na wataalamu wakakilaumu kile kidonge.

Mitaani tulipewa sababu zetu: kapigwa pigo la siri, kalogwa, kauawa na magenge. Kwenye mabanda ya video hadithi hizo zilikuwa tamu kuliko filamu yenyewe. Wanaochunguza kwa makini wamekwenda kwingine. Polly, kwenye kitabu chake cha 2018, anadhani lilikuwa joto. Mwaka 2022 madaktari wa figo wa Hispania waliandika kwamba huenda yalikuwa maji: figo zilishindwa kutoa maji kwa kasi aliyokuwa anayaingiza, chumvi ya damu ikashuka, ubongo ukavimba. Miongoni mwa sababu walizozitaja ni kunywa vimiminika vingi, pombe, bangi, na mlo wake wa siku za mwisho wa juisi za karoti na matufaha.

Hiyo ni nadharia, haijathibitishwa, na maji yenyewe siyo adui. Kijana wa Pasiansi anayekimbia juani ayanywe. Ila wapo wapiganaji wanaokaribia pambano wakaacha kula, wakaishi kwa juisi siku kadhaa ili kukata kilo, na wanaamini wanamuiga Bruce Lee. Kweli wanamuiga. Wanamuiga yule wa miezi ya mwisho, siyo yule wa wali, mboga na samaki aliyejengwa baada ya dakika tatu za Oakland.

Enter the Dragon ilitoka Marekani Agosti 1973, mwenyewe akiwa tayari kaburini. Linda alichagua azikwe makaburi ya Lake View, Seattle, mji uleule alikowahi kubeba sahani za watu kwenye mgahawa wa Ruby Chow. Mwanawe Brandon, aliyefariki mwaka 1993, amelala pembeni yake.