Ng'wanamalundi na Mpaka wa Nguvu Zake

Mabwenini mwetu kuna ubishi usiokwisha: nani angemshinda nani. Wengine humsimamisha Liongo wa Pwani, ambaye yasemekana silaha haikumdhuru ila sindano ya shaba kitovuni. Wengine huleta Superman wa vitabu vya picha vya Marekani, anayelegezwa na jiwe la kijani. Sisi watoto wa Usukumani twamtanguliza mzee wetu Ng'wanamalundi. Kwa kuwa wengi humtaja bila kujua maisha yake, nimeona nimweleze kwa ufupi.

Jina lake hasa lilikuwa Igulu Bugomola, mtu wa Kwimba, aliyezaliwa mwishoni mwa karne ya 19. Ng'wanamalundi ni jina alilopewa na watu. Alisifika kwa dawa, na zaidi kwa ngoma. Msomaji asiye Msukuma ajue kwamba ngoma kwetu ni vita. Tangu karne ya 19 kuna Bagika, wafuasi wa Ngika, na Bagalu, wafuasi wa Gumha. Pande mbili hucheza wakati mmoja, kila moja na dawa zake, na wenye watazamaji wengi ndio washindi. Hapana haja ya refa.

Wazee husimulia kwamba Ng'wanamalundi akiunyoshea mti kidole, mti hukauka. Habari zake zikaenea hata zikawafikia Wajerumani, nao wakamkamata, wakampeleka kifungoni kisiwani Mafia.

Hapo ndipo ubishi unapopamba moto. Kama kidole kilikausha mti, mbona hakikukausha mkono wa askari aliyemfunga? Watetezi wake hujibu kwamba uwezo ule ulikuwa wa miti, si wa watu, au kwamba alijizuia kwa huruma. Majibu haya hayanitoshi. Swali hili si la mchezo, maana wapo waliolijibu kwa roho zao. Mwaka 1905 watu wa kusini waliamini maji ya Kinjikitile wa Ngarambe yangegeuza risasi kuwa maji. Yeye alinyongwa Mohoro mwezi wa Agosti mwaka ule ule, na mwishoni mwa mwezi huo, huko Mahenge, bunduki za mtombo ziliwaua wapiganaji wengi mno.

Mimi naona Wajerumani hawakukiogopa kidole. Baada ya Maji Maji waliogopa mtu yeyote mwenye kukusanya umati kwa neno lake, na Ng'wanamalundi aliukusanya. Nguvu yake ilikuwa ule umati, na mpaka wake ulikuwa bahari, kwa sababu umati haukuweza kuvuka naye.

Baadaye alirudi Usukumani, akafariki miaka ya 1930. Wenye kupinga na waniandikie katika toleo la muhula ujao, ila wasiniletee mti mkavu kuwa ushahidi. Wakati wa kiangazi hapa Bariadi hiyo ni mingi.