Euripides Aliwaandikia Washindi

Wahenga walinena kwamba fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi. Mtunzi aliyezipa nyasi hizo ulimi ni Euripides wa Athens, aliyezaliwa karibu mwaka 480 K.K. Alitunga tamthilia zipatazo 90, ila katika uhai wake alishinda tuzo ya kwanza mara 4 tu.

Katika majira ya baridi ya mwaka 416 kuingia 415 K.K., majeshi ya Athens yalikiteka kisiwa cha Melos, yakawaua wanaume na kuwauza utumwani wanawake na watoto. Miezi michache baadaye, Euripides aliwaonyesha raia wa Athens tamthilia yake, Wanawake wa Troya. Humo Malkia Hekuba na wenzake wanagawiwa washindi kama nyara, na mjukuu wake mchanga anatupwa kutoka ukutani. Waamuzi walimpa nafasi ya pili. Alifariki Makedonia mwaka 406 K.K.

Mwaka 2013, wakimbizi wa kike kutoka Syria waliiigiza mjini Amman, wakiingiza humo masaibu yao wenyewe. Nawavulia kofia. Hata hivyo, wanafunzi wangu wanapotaka kuiigiza ili waliofiwa walie tena, mimi huwapinga. Waliofiwa hawahitaji kufunzwa uchungu. Kwa maoni yangu, Euripides aliwakusudia walioshinda vita. Basi mwalimu anayeipeleka jukwaani, kabla hajachagua waigizaji, na ajiulize ni nani atakayeketishwa viti vya mbele.