Mazrui Wawili, Jina Moja

Litajwapo jina la Mazrui, wengi humfikiria Profesa Ali, msomi aliyefariki mwaka 2014, wakampa na sifa zisizo zake. Anayedhulumiwa hapo ni babake. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Mwaka 1932, Ali hajazaliwa bado, alianzisha gazeti la Al-Islah, akiwahimiza Waislamu wa pwani watafute elimu ya dini na ya dunia, wala mabinti wasiachwe nyuma. Laiti wanaodhani kwamba makali ya kalamu katika ukoo huo yalinolewa Uingereza wangeliyasoma hayo! Sheikh aliaga dunia mwaka 1947 akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwanawe alikuwa na miaka 14 tu.