Alan Kulwicki

Alan Dennis Kulwicki (14 Desemba 1954 – 1 Aprili 1993) alikuwa dereva wa mbio za magari na mhandisi kutoka nchini Marekani. Anakumbukwa hasa kwa msimu wa mwaka 1992, alipotwaa ubingwa wa NASCAR akiwa dereva na mmiliki wa timu yake mwenyewe, kwa tofauti ya pointi 10 tu. Alifariki katika ajali ya ndege chini ya miezi mitano baadaye, akiwa na umri wa miaka 38.

Maisha ya awali

Kulwicki alikulia Greenfield, karibu na mji wa Milwaukee katika jimbo la Wisconsin. Familia yake ilikuwa ya Wakatoliki wenye asili ya Poland. Baba yake, Gerald, alikuwa fundi wa injini za magari ya mbio. Alan alianza kushindana kwa vigari vidogo vya kart akiwa na umri wa miaka 13. Mwaka 1977 alihitimu shahada ya uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Wisconsin–Milwaukee.

Kuanzisha timu

NASCAR ni chama kinachosimamia mbio za magari yenye umbo la magari ya kawaida ya barabarani, ambayo huzunguka uwanja mara mamia kadhaa. Mashindano yake makuu wakati huo yaliitwa Winston Cup. Kulwicki aliingia humo mwaka 1985, na mwaka uliofuata alitangazwa kuwa dereva mgeni bora wa msimu, ingawa timu yake ilikuwa na gari moja na injini mbili tu.

Ushindi wake wa kwanza ulipatikana Phoenix mwaka 1988. Baada ya kushinda, aliuzunguka uwanja kwa kuelekea upande wa kinyume, ili dereva awe karibu na watazamaji na aweze kuwapungia mkono. Mtindo huo ulikuja kuwa alama yake.

Junior Johnson, mmoja wa wamiliki wakubwa wa timu, alimtaka aendeshe gari lake kwa malipo makubwa. Kulwicki alikataa, kwa kuwa alitaka kushinda kwa timu yake mwenyewe. Uamuzi huo ulimweka katika hali ngumu: alianza msimu wa 1991 bila mdhamini wa kudumu, hadi kampuni ya migahawa ya Hooters ilipokubali kumdhamini.

Msimu wa 1992

Mwezi Septemba 1992 Kulwicki aligonga gari lake huko Dover. Zikiwa zimebaki mbio sita, alikuwa nyuma ya Bill Elliott kwa pointi 278, na wengi walimwona hana tena nafasi. Lakini Elliott, ambaye alikuwa akiendesha gari la Junior Johnson, alipatwa na matatizo katika mbio zilizofuata.

Mbio za mwisho zilifanyika Atlanta tarehe 15 Novemba. Madereva sita bado waliweza kuwa mabingwa. Davey Allison aliongoza kwa pointi 30 mbele ya Kulwicki na 40 mbele ya Elliott. Siku hiyo pia Richard Petty alishiriki mbio zake za mwisho, na Jeff Gordon alishiriki mbio zake za kwanza katika mashindano hayo.

Gia ya kwanza ya gari la Kulwicki iliharibika mapema, ikawa vigumu kuondoka kila aliposimama kujaza mafuta. Kisha Allison alipata ajali, na ubingwa ukabaki kati ya Kulwicki na Elliott.

Kwa kanuni za wakati huo, mshindi alipata pointi 175 na wa pili 170. Kila aliyeongoza hata mzunguko mmoja aliongezewa pointi 5, na aliyeongoza mizunguko mingi zaidi aliongezewa nyingine 5. Timu ya Kulwicki ilihesabu mizunguko kwa makini na kuchelewesha kusimama kwake kwa mwisho mpaka ipate uhakika wa pointi hizo. Elliott alishinda mbio na Kulwicki akawa wa pili, lakini Kulwicki alikuwa ameongoza mizunguko 103 na Elliott 102. Hivyo kila mmoja alipata pointi 180, na Kulwicki akawa bingwa kwa pointi 4,078 dhidi ya 4,068.

Kama Elliott ndiye angeongoza mizunguko mingi zaidi, wangelingana kwa pointi 4,073, na ubingwa ungekwenda kwa Elliott kwa sababu alikuwa ameshinda mbio tano msimu huo, Kulwicki mbili.

Kifo na kumbukumbu

Tarehe 1 Aprili 1993 Kulwicki alikuwa akisafiri kwa ndege ndogo kutoka Knoxville kwenda kwenye mbio za Bristol, jimbo la Tennessee. Ndege hiyo ilianguka ilipokaribia kutua, na watu wote wanne waliokuwamo walifariki. Rusty Wallace alishinda mbio hizo za Bristol, kisha akauzunguka uwanja kwa kinyume ili kumkumbuka mwenzake. Allison naye alifariki mwezi Julai mwaka huohuo kutokana na ajali ya helikopta.

Kulwicki alishinda mbio tano katika Winston Cup. Aliingizwa katika Jumba la Mashuhuri la NASCAR mwaka 2019, na Greenfield kuna bustani ya umma yenye jina lake.