Salme binti Said: Binti wa Sultani aliyelea wanawe ugenini

Wengi wenu mnamjua Sayyida Salme kama binti wa Sultani wa Zanzibar aliyetoroka na Mjerumani. Kisa chake husimuliwa sana kama hadithi ya mapenzi. Katika makala hii tunamtazama kwa upande mwingine, upande wa mama. Kati ya mwaka 1866 na 1870 Salme alizaa watoto wanne, akahama nchi, akabadili dini na jina, akampoteza mtoto mmoja, kisha akafiwa na mume. Alikuwa hajatimiza hata miaka 26.

Tunaisimulia habari hii kwa sababu wasikilizaji wetu wengi wana binti, dada au mkwe anayelea mimba au mtoto mchanga mbali na kwao: Muscat, Dubai, Ulaya, au kwenye kambi ya wakimbizi. Na vijijini mwetu wamo pia wanawake walioolewa kutoka mbali, ambao hawana mama wala shangazi wa kuwashika mkono. Mambo yaliyomkuta Salme yanaweza kutusaidia kuwaelewa.

Nyumba yenye watu wengi

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kando ya bahari, kaskazini ya mji wa Zanzibar. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria kutoka Circassia, katika nchi za milima ya Kaukasi. Naye aliletwa mbali na kwao akiwa mtoto. Kwa hiyo Salme alilelewa na mama aliyejua ugeni ni nini.

Jumba la Mtoni lilikuwa na mamia ya watu, na ndani yake mtoto alizungukwa na mama, masuria wengine, dada, yaya na watumwa. Mzazi hakuachwa peke yake. Siku ya arobaini ilikuwa siku kubwa. Mtoto alinyolewa nywele za kwanza, ubani ukafukizwa, watu wakafurahi. Salme aliyaeleza hayo kwa kirefu alipokuja kuandika kitabu. Hata hivyo tusisahau kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ya kumtunza mzazi ilifanywa na wanawake waliokuwa watumwa, ambao wao wenyewe hawakupata mapumziko kama hayo.

Akiwa mdogo Salme alijifunza kuandika kwa siri, kwa kunakili herufi za Kurani, kwa maana kuandika hakukuwa kazi ya wasichana wakati ule. Elimu hiyo ilimponza. Baba yake alifariki mwaka 1856 na mama yake akafa kwa kipindupindu mwaka 1859. Mwaka huohuo ndugu zake waligombea utawala. Salme akawa mwandishi wa Barghash aliyetaka kumpindua kaka yao Majid. Jaribio lilishindwa na Barghash akapelekwa Bombay. Baadaye Salme alipatana na Majid, na jambo hilo likawaudhi ndugu wa upande wa Barghash. Kwa hiyo hata kabla ya kuondoka Zanzibar alikuwa yatima, na udugu ulikuwa umeingia ufa.

Mimba aliyoificha

Katika Mji Mkongwe Salme alikaa jirani na mfanyabiashara kijana kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Wakapendana, Salme akashika mimba. Kwa binti wa ukoo wa kifalme, asiyeolewa, na mwanamume akiwa mgeni wa dini nyingine, jambo hilo lilikuwa hatari kwa heshima ya ukoo na kwa uhai wake mwenyewe.

Usiku wa tarehe 24 Agosti 1866 alipanda manowari ya Kiingereza, Highflyer, iliyompeleka Aden. Ruete alibaki Zanzibar kumaliza shughuli zake. Salme akakaa Aden miezi mingi akimsubiri, nyumbani kwa mume na mke wa Kihispania aliowafahamu tangu Zanzibar. Mwezi Desemba akajifungua mtoto wa kiume, akaitwa Heinrich. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na hapakuwa na mtu wa damu yake karibu.

Ruete alifika mwaka uliofuata. Tarehe 30 Mei 1867 Salme alibatizwa kwa jina la Emily na wakafunga ndoa, kisha wakaanza safari ya kwenda Ujerumani. Mtoto Heinrich hakufika. Alifia njiani, nchini Ufaransa, kabla hajatimiza mwaka. Salme aliingia Hamburg, mji wa mumewe, akiwa amefiwa.

Jambo moja linatugusa sana. Katika kitabu chake cha kumbukumbu, ambamo ameeleza mpaka mavazi na vyakula vya jumbani, mimba ile haitajwi, wala mtoto yule. Aibu ya mimba na uchungu wa msiba vilibaki kimya.

Mchana mrefu wa Hamburg

Salme na mumewe walizungumza Kiswahili. Hiyo ndiyo lugha waliyokutana nayo Zanzibar, na mwanzoni hawakuwa na nyingine. Mchana mume alikwenda ofisini, yeye akabaki nyumbani na watumishi asioelewana nao. Baridi, milango inayofungwa kutwa, vyakula vigeni, na watu waliokuja kumtazama kwa udadisi, vyote vilimchosha. Aliyaeleza hayo katika maandishi aliyoyafanya kama barua kwa rafiki wa Zanzibar. Barua hizo hazikuchapishwa mpaka miaka mingi baada ya kifo chake.

Antonie Thawka alizaliwa Machi 1868, Rudolph Said Aprili 1869, na Rosalie Ghuza Aprili 1870. Kila mtoto alipewa jina la Kijerumani na jina la kwao mama. Watoto watatu kwa muda wa miaka miwili na mwezi, na hakuna mama, mkunga wa nyumbani wala mwali mwenzake wa kumpokea mmoja wao japo kwa saa moja.

Kisha tarehe 6 Agosti 1870 Ruete alikufa kwa ajali ya tramu iliyokuwa ikivutwa na farasi. Rosalie alikuwa na miezi mitatu na ushee. Sheria za Hamburg za wakati huo zilimweka mjane chini ya wasimamizi wanaume katika mambo ya watoto na mali. Fedha zikapungua. Salme alihama mji baada ya mji, akafundisha Kiarabu ili apate riziki, na hakurudi Zanzibar mpaka mwaka 1885.

Alikuwa na maradhi gani?

Hatuwezi kumpima mtu aliyekwisha kufa. Lakini mkunga au daktari wa leo akiisikia habari hii, angeona alama nyingi za hatari: kufiwa na mtoto, mimba zilizofuatana, upweke, lugha ngeni, kutengwa na ndugu, na mwisho ujane. Hayo ndiyo mambo yanayomweka mama karibu na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 10 ya wajawazito duniani, na asilimia 13 ya waliojifungua karibuni, hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Katika nchi zinazoendelea makadirio yanapanda hadi asilimia 15.6 wakati wa mimba na asilimia 19.8 baada ya kujifungua. Hiyo ni karibu mama mmoja katika kila watano.

Tutofautishe mambo mawili. Siku chache baada ya kujifungua, mama wengi hulia ovyo, hukasirika upesi na hukosa utulivu. Hali hiyo ni ya kawaida na huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Sonona haiishi hivyo. Mama hukosa raha siku baada ya siku, halali hata mtoto akilala, hali au anakula bila kujijua, anajiona hafai, na hana hamu na mtoto. Huweza kuanza wakati wa mimba au miezi kadhaa baada ya kujifungua. Baba naye anaweza kuipata, hasa akiwa na mzigo wa kazi na madeni ugenini.

Sonona haimaanishi kwamba mama ni mvivu, wala kwamba hampendi mwanawe. Ni ugonjwa, na unatibika. Mazungumzo na mshauri husaidia wengi. Wengine huhitaji dawa, na zipo ambazo mama anaweza kutumia huku akinyonyesha, kwa maelekezo ya daktari. Kuna maswali kumi yaliyotungwa Scotland na kuchapishwa mwaka 1987, ambayo yametafsiriwa katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Kwa maswali hayo muuguzi huweza kutambua mama anayehitaji msaada. Mama akienda kliniki, si vibaya akamwambia muuguzi waziwazi kwamba moyo wake hauko sawa.

Lakini ikiwa mama anasema anataka kufa, anafikiria kumdhuru mtoto, au anasikia na kuona vitu ambavyo wengine hawavioni, asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Mama wa mbali afanyiwe nini

Salme alisubiri meli ilete habari. Sisi tuna simu. Tatizo ni kwamba mara nyingi simu yetu huuliza habari ya mtoto tu: amekuwa, anaota meno, tutumie picha. Mwulize mama mwenyewe: unalala? unakula nini? nani anakupokea mtoto ukachoka? Kisha nyamaza umsikilize. Usimwambie avumilie tu kwa sababu amepata bahati ya kwenda nje. Maneno hayo ndiyo humfanya aliye mbali ajibu kila siku kwamba ni mzima, hata kama si mzima.

Ikiwa aliye mbali ni mwanao wa kiume na mkewe, zungumza na mwanao. Mwambie apunguze safari, apike uji, ambebe mtoto usiku. Arobaini haihitaji ukoo mzima. Inahitaji watu wawili watatu wanaojua zamu zao. Miji mingi ya ugenini ina Waswahili, msikiti, kanisa au chama cha watu wa nyumbani, na huko ndiko pa kuanzia.

Na kwa aliyeolewa kijijini kwetu kutoka mbali, mwenye wajibu ni sisi. Akijifungua, apate maji ya moto, chakula, na mtu wa kuongea naye kwa lugha anayoielewa. Asipigiwe kelele kwa kutojua mila zetu. Kama alimpoteza mtoto kabla, mtoto huyo ana jina na anaweza kutajwa.

Mchanga wa nyumbani

Salme aliandika kitabu chake kwanza kwa ajili ya wanawe, akihofia kwamba hataishi kuwaona wakikua. Kilichapishwa mwaka 1886. Humo pia alitetea utumwa wa Zanzibar, na kwa sababu hiyo mji wa Hamburg, uliokiita kiwanja kwa jina lake mwaka 2019, ulilifuta jina hilo mwaka 2020. Hakuwa mtu asiye na kasoro, na huruma yetu kwake kama mama haifuti jambo hilo.

Aliporudi Zanzibar mwaka 1885 pamoja na wanawe, watu wengi walimlaki njiani, lakini Barghash, aliyekuwa Sultani, alikataa kumwona. Alirudi tena mwaka 1888, na hakupata alichokitaka. Baadaye aliishi miaka mingi Beirut, kisha akarejea Ujerumani. Alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg katika kaburi la ukoo wa mumewe. Kati ya vitu alivyoviacha palikuwa na mfuko mdogo wa mchanga wa Zanzibar, ukazikwa pamoja naye.

Wale watoto watatu wote walikua na kufikia utu uzima. Alifanya kazi hiyo karibu peke yake, na alilipa gharama kubwa ya moyo. Mama aliye ugenini leo hana haja ya kulipa gharama hiyo, kama upo upande wa pili wa simu mtu anayeuliza na kungoja jibu la kweli.