Waiyaki wa Hinga: Chuma chake kiko wapi?

Ukitaka kuokota historia ya Nairobi kwa mashine ya kutafuta chuma, yaani ndugu mkubwa wa kile kifimbo askari hukupitishia mbavuni ukiingia mall, usianzie mjini. Anzia Kawangware. Panda 46 hadi mwisho, uliza njia ya Dagoretti, kisha ukumbuke kwamba kabla ya reli kufika Nairobi mwaka wa 1899, huku juu ndiko mambo yalikuwa. Mjini kulikuwa kinamasi.

Kule Marekani kuna watu wanaotumia wikendi nzima wakipitisha mashine hizo juu ya nyasi palipokuwa na ngome za askari wa zamani, huko magharibi ambako wazungu walikuwa wakisonga mbele na kunyang'anya wenyeji ardhi. Wanatoa vifungo vya sare, risasi, nali za farasi. Sisi pia tulikuwa na ngome za namna hiyo. Moja ilijengwa Dagoretti mwaka wa 1890, ya pili Kabete mwaka uliofuata. Zote mbili zimo ndani ya maisha ya mtu mmoja ambaye makanga hutaja jina lake kutwa nzima bila hata kufikiria: Waiyaki.

Na kabla hujakimbia kununua mashine mtandaoni, sikiza. Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka wa 2006 inasema vitu vya kale vilivyo ardhini ni mali ya serikali, huwezi kuchimbua bila leseni, na ukikutana na kitu kwa bahati una siku 7 za kutoa taarifa. Kwa hivyo tuchimbe kwa maneno tu leo.

Waiyaki wa Hinga hakuwa chifu. Wazungu ndio walimwita hivyo kwa sababu hawakuelewa watu wasio na mfalme. Wakikuyu walikuwa na wazee wa baraza, na kati yao alikuwepo muthamaki, mtu anayesikizwa kwa sababu ana mali, ana maneno, na vita vikija haendi kujificha. Waiyaki alikuwa wa aina hiyo, hapa kusini mwa nchi ya Wakikuyu ambapo shamba lilipakana na mbuga za Wamaasai. Inasemekana hata ukoo wake ulikuwa na asili ya Kimaasai. Siyo ajabu. Mpaka wenyewe haukuwa ukuta, watu walioana, walipigana, walirudi kuuziana.

Biashara ndiyo ilimkutanisha na wageni. Misafara ya pwani iliyokuwa ikielekea ziwani ilisimama karibu na Ngong, mahali palipoitwa Ngongo Bagas, kujaza chakula kabla ya kuingia Umaasai. Mamia ya wapagazi wenye njaa, na huku juu kuna maharagwe, viazi vitamu, mtama, mahindi. Wakikuyu walishuka kuuza, wakalipwa kwa nguo, shanga na waya za shaba. Kama kuna kitu mashine ingelilia kwa furaha, ni hizo waya. Zilivaliwa mikononi na shingoni, nyingine zikayeyushwa upya. Wahunzi wa Kikuyu hawakuwa wageni wa moto: walikuwa wakikusanya mchanga wa chuma mitoni na kuufua ukawa sime na mikuki.

Mwaka wa 1887 akaja Count Samuel Teleki kutoka Austria-Hungaria, yule ambaye mwaka uliofuata alifika Ziwa Turkana na kulipa jina la mwana wa mfalme wao. Kupita kwa Wakikuyu hakukuwa rahisi, misafara mingi iliogopa kabisa kuingia msituni. Waiyaki alimsaidia Teleki akapita. Ukifuatilia mambo yake yote tangu hapo, utaona mtu aliyefanya hesabu: hawa watu watakuja tu, basi heri nishike masharti mimi.

Ndiyo maana Oktoba 1890, Kapteni Frederick Lugard wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki alipofika Dagoretti akitafuta pa kujenga kituo, Waiyaki alikubali. Walikula kiapo cha undugu wa damu. Kwa Lugard, hiyo ilikuwa karatasi ya kuonyesha mabosi London. Kwa Waiyaki ilikuwa udugu, na udugu una kazi yake: ndugu haibi kwa ndugu. Lugard akajenga boma la miti, akamwachia mwenzake George Wilson, na Novemba akaendelea na safari ya Uganda.

Hapo ndipo Kibera inaingia, na hii ndiyo sehemu ambayo hakuna mwalimu aliwahi kuniunganishia. Safari hiyo hiyo ya Lugard iliendelea hadi karibu na Ziwa Albert, ambako mwaka wa 1891 aliwakuta askari wa Kisudani waliobaki nyuma baada ya utawala wa Emin Pasha kuvunjika. Akawaandikisha. Wengi wa askari hao na vizazi vyao waliingia jeshi la King's African Rifles, na walipostaafu wakapewa makao kwenye msitu ulio nje ya Nairobi. Kwa Kinubi msitu ni kibra. Kwa hivyo mtu yule yule, katika safari moja, aliacha kiapo upande wa Kawangware na akarudi na mwanzo wa Kibera. Mitaa miwili, buti moja.

Tukirudi Dagoretti, udugu haukumaliza hata miezi 6. Watu wa Kampuni na wapagazi wa misafara walianza kujichukulia chakula shambani bila kulipa na kuwasumbua wanawake. Lugard mwenyewe baadaye aliandika kwamba lawama zilikuwa za watu wa misafara, siyo za Wakikuyu. Wenyeji wakazingira boma. Wilson akaishiwa na risasi, na mwanzoni mwa 1891 akatoroka na watu wake hadi Machakos. Boma likachomwa. Nafikiri kuhusu hilo boma kila nikipita huko: miti ikawa majivu, lakini misumari haichomeki. Misumari, bawaba, maganda ya risasi, vyote vilibaki chini, na katika nchi ambayo mhunzi huosha mchanga kutwa nzima apate kipande cha chuma, sidhani vililala hapo hata wiki.

Kampuni ilirudi na bunduki zaidi. Wakikuyu walitozwa mbuzi na vibarua, na Kapteni Eric Smith akajenga ngome mpya Kabete, karibu na boma la Waiyaki mwenyewe. Hiyo ndiyo Fort Smith, na sehemu hiyo bado inaitwa hivyo. Safari hii walichimba handaki kuizunguka. Waiyaki aliendelea kuongea nao, akienda ngomeni, akirudi. Vijana wengine bila shaka walimwona kibaraka, na wazungu walimwona nyoka. Mtu anayejaribu kusimama katikati hupigwa mawe kutoka pande mbili.

Mwaka wa 1892 mkuu wa ngome alikuwa William Purkiss. Msimamizi mmoja wa msafara aliyeitwa Maktubu aliuawa na Wakikuyu wa kijiji kingine, na wazungu wakapanga kwenda kukiadhibu. Walipofika walikuta watu wamejiandaa. Wakamshuku Waiyaki kwamba ndiye alitoboa siri. Labda ni kweli. Kama ni kweli, alifanya kile kiongozi yeyote angefanya, na hapo ndipo mimi humheshimu zaidi kuliko kwenye kile kiapo.

Tarehe 14 Agosti jioni, Waiyaki aliingia ngomeni. Wazungu waliandika kwamba alikuwa amelewa. Inawezekana, lakini kumbuka kalamu ilikuwa ya nani. Maneno yakawa makali kati yake na Purkiss, sime ikachomolewa, wakashikana, na mwishowe Waiyaki akawa chini na jeraha kichwani. Walimfunga minyororo kwenye mlingoti wa bendera, akalala hapo. Asubuhi wakaketi kama mahakama, wakaamua apelekwe pwani.

Aliondoka na msafara wa watu waliokuwa wakipima njia ya reli. Reli hiyo ndiyo leo inakata Kibera katikati, ile watu hutandaza viatu na mboga pembeni yake na kuondoa honi ikilia. Waiyaki hakufika pwani. Alikufa Kibwezi, Septemba 1892, na akazikwa huko, nchi ya Wakamba, siku nyingi za miguu kutoka nyumbani. Wazungu walisema ni jeraha la kichwa. Simulizi za Wakikuyu zinasema alizikwa akiwa hai, kichwa chini. Mimi sitakuambia simulizi hiyo ina ushahidi wa daktari. Nitakuambia ilifanya kazi gani: miaka ya 1950, nyimbo za Mau Mau zilimwita Waiyaki shahidi wa kwanza wa ardhi, na watu waliingia msituni na jina lake mdomoni. Ngũgĩ wa Thiong'o naye akampa shujaa wa riwaya yake ya The River Between, ya 1965, jina hilo hilo.

Sasa mnyororo ule uko wapi? Na sime? Nimejiuliza swali hili nikiwa kwa msee wa skrepu Kawangware, nikitazama akipima bawaba za lango na springi za mathree. Wenzake wa Kibera hufunga sumaku ya spika kwenye kamba na kuivuta matopeni kando ya mto. Hiyo ndiyo mashine yetu ya kutafuta chuma, na haibagui: msumari wa jana na msumari wa 1890 bei ni moja kwa kilo. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya chuma chakavu kwa sababu watu walikuwa wakikata milingoti ya umeme, ikairuhusu tena Mei. Wakati huo wote sikusikia mtu akiuliza kama kuna kitu cha ngome kilichopita kwenye mizani hizo. Na Kabete inajengwa flati kila siku, tingatinga linachimba msingi, udongo unapakiwa lori, kwisha.

Kilichobaki zaidi ni watu. Kitukuu cha Waiyaki, Wambui, aliacha nyumba ya baba yake afisa wa polisi akajiunga na Mau Mau. Baadaye aliolewa na wakili Mjaluo, S.M. Otieno. Otieno alipofariki Desemba 1986, Wambui alitaka kumzika kwenye shamba lao upande wa Ngong, ukoo wa mume ukataka azikwe nyumbani kwao Siaya. Kesi hiyo ilishika nchi nzima kwa miezi mitano, maiti ikiwa mochari, hadi Mahakama ya Rufaa ikaupa ukoo. Wengi walicheka mjane anayepigania kaburi kiasi hicho. Lakini huyo alikuwa amelelewa katika familia ambayo kaburi la babu liko Kibwezi, na mwili haukurudishwa.

Otieno alizikwa Nyalgunga, Mei 1987. Wambui hakuenda.