Mtoto Aliyeitwa Mkaidi



Katika nyumba nyingi yuko mtoto mmoja anayewatoa wazazi jasho. Wenzake wakiambiwa wanasikia, yeye hasikii. Shuleni anarudishwa, nyumbani hakuna amani. Majirani wanasema ana kichwa kigumu, na mwishowe baba na mama nao wanaanza kusema hivyo mbele yake. Ikiwa unaye mtoto wa namna hii, leo sikia habari za mama mmoja wa Ufaransa. Bila shaka unamfahamu binti yake mdogo, Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Lakini leo hatumzungumzii Teresa. Tunamzungumzia dada yake Léonie, na mama yao, Zélie Martin.

Zélie alizaliwa tarehe 23 Desemba 1831, karibu na mji wa Alençon, katika sehemu ya Normandy. Baba yake alikuwa askari. Mama yake alikuwa mtu wa dini, lakini mkali, asiyejua kumwonyesha mtoto upendo. Zélie hakupewa hata mwanasesere mmoja wa kuchezea. Aliumwa na kichwa mara kwa mara, na alipokuwa mtu mzima aliandika kwamba utoto wake ulikuwa wa huzuni. Alitaka kuwa sista, akakataliwa. Ndipo akajifunza kufuma lesi, kazi iliyoupa mji wa Alençon sifa yake, akaanzisha biashara yake mwenyewe. Tarehe 13 Julai 1858 aliolewa na Louis Martin, fundi wa saa.

Hapa tusimame kidogo. Mtu aliyelelewa bila kukumbatiwa mara nyingi huwalea wanawe vivyo hivyo, kwa sababu hajui njia nyingine. Zélie aliijua baridi ya nyumba ile, naye hakutaka kuihamishia kwake. Aliwakumbatia watoto wake na kuwabusu, akafurahi kuwaona wakicheza. Louis naye hakuwa baba wa kuogopwa. Baadaye hata aliuza duka lake la saa ili amsaidie mkewe katika biashara ya lesi. Kwa hiyo usiseme kamwe kwamba huwezi kumpa mwanao kile ambacho wewe hukupewa.

Hata hivyo, mapendo hayakuizuia misiba. Zélie na Louis walipata watoto tisa, wakazika wanne: wavulana wawili wachanga, msichana mmoja wa wiki chache, na Hélène aliyekuwa na miaka mitano. Walibaki wasichana watano. Wa tatu ndiye Léonie, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1863.

Léonie alikuwa mgonjwa tangu mwanzo. Alipata surua na degedege, na ukurutu ulimsumbua ngozi. Masomo yalimshinda. Dada zake wakubwa, Marie na Pauline, walifanya vizuri bwenini kwa masista wa Visitation mjini Le Mans, alikokuwa mama yao mkubwa. Mwaka 1874 Léonie naye alipelekwa huko, akarudishwa nyumbani baada ya miezi michache. Alibisha, alikasirika, alifanya kinyume cha alichoambiwa. Barua za Zélie zimehifadhiwa, zaidi ya 200, na ndani yake unamwona mama aliyechoka, asiyejua tena la kufanya. Alijaribu upole, akajaribu ukali. Vyote havikufaa kitu.

Jambo moja lilikuwa la ajabu. Léonie hakumtii mama yake, lakini alimtii Louise, mtumishi wa nyumbani, kama mtumwa. Louise alikuwa amekaa na familia ile zaidi ya miaka 10. Zélie alikuwa na kazi nyingi: wafumaji, wateja, watoto, wagonjwa. Aliona utii ule, lakini hakujua ulikotoka.

Mwezi wa Februari 1877 dada yake Zélie, yule sista wa Le Mans, alifariki. Kabla ya hapo Zélie alikuwa amemwomba amkumbuke Léonie mbele ya Mungu. Wiki chache tu baadaye Marie, binti wa kwanza, aligundua siri: Louise alikuwa akimtesa Léonie na kumtisha ili amtii yeye peke yake, na mtoto hakuthubutu kusema. Waswahili walinena: kimya kingi kina mshindo mkuu.

Fikiri uchungu wa mama yule. Alikuwa anasali kila siku, anampenda mwanawe, analala naye chini ya paa moja, na bado hakujua. Tena wakati huo yeye mwenyewe alikuwa na saratani ya titi, na alijua kwamba siku zake ni chache. Angeweza kukaa akijilaumu mpaka kufa. Hakufanya hivyo. Alimkataza Louise asimsemeshe Léonie hata neno. Akamvuta mtoto karibu naye, akazungumza naye kwa upole, akamfundisha mwenyewe. Na Léonie, aliyekuwa na miaka 13, akaanza kubadilika. Alimfuata mama yake kila mahali, asitake kuachana naye. Yule mkaidi alikuwa mtoto mwenye hofu tu.

Louise aliomba abaki, akaruhusiwa mpaka Zélie alipofariki. Hapo msimwige. Mtu anayemtesa mtoto haachwi nyumbani, na sheria iko.

Mwezi wa Juni 1877 Zélie alihiji Lourdes pamoja na Marie, Pauline na Léonie. Hakupona. Alifariki tarehe 28 Agosti 1877, akiwa na miaka 45. Alikuwa amepata miezi mitano hivi tu ya kuwa mama wa kweli kwa Léonie.

Je, miezi hiyo ilitosha? Léonie hakugeuka malaika. Alijaribu utawa mara tatu, akashindwa mara tatu. Lakini hakukata tamaa. Mwaka 1899 aliingia tena kwa masista wa Visitation mjini Caen, akakaa huko mpaka alipofariki mwaka 1941, akiwa na miaka 78. Wazazi wake walitangazwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 2015, na mwaka huohuo Kanisa lilianza kuchunguza utakatifu wa Léonie pia.

Baba na mama, kabla ya kumwita mtoto mkaidi, mwulizeni anaogopa nini. Mwulizeni mkiwa peke yenu naye, bila fimbo mkononi. Na mkigundua kwamba mlichelewa, anzeni siku hiyohiyo.

Maswali ya kuzungumza mume na mke jioni hii:

1. Ni mtoto yupi kati ya wetu tumezoea kumsema vibaya mbele ya wengine?
2. Tukiwa kazini, anakaa na nani? Je, anamtii mtu huyo kwa mapenzi au kwa hofu?
3. Ni lini kila mmoja wetu alikaa naye peke yake, akamsikiliza tu?
4. Katika malezi tuliyopewa sisi, ni jambo gani hatutaki kumrithisha?